Namba za pembeni ya grafu zilitoka wapi, na kwa nini uzisome kabla ya kufunga ghala

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya somo la kuhifadhi mahindi. Inakuja. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo mtu anaweza kudhani si la shamba: zile namba zilizopangwa pembeni na chini ya grafu ya bei, ya mvua au ya mavuno. Nina sababu ya kulileta, na sababu yenyewe ni kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilitengeneza grafu ya bei ya mahindi kwa ajili ya kikundi kimoja ninachokihudumia. Nilikusanya bei za mnadani kwa wiki sita, nikaziingiza kwenye kompyuta, nikabofya, grafu ikatoka. Bei ilikuwa imetoka shilingi 628 kwa kilo hadi 640. Ongezeko la shilingi 12 tu. Lakini kompyuta, bila kuniuliza, ilianzisha namba za pembeni kwenye 622 na kuzimalizia kwenye 642. Kwa hiyo mstari ulianzia karibu na sakafu ya karatasi ukapanda hadi darini. Nikauchapa mchoro ule, nikaubandika mlangoni mwa ghala. Watu wakautazama, wakasema bei inapaa. Wakaamua kufunga ghala miezi mitatu.

Miezi mitatu baadaye bei ilikuwa 680. Gunia la kilo 100 lililokuwa 64,000 lilipaswa kuwa 68,000. Piga hesabu pamoja nami. Ghala lilitoza 500 kwa gunia kwa mwezi, jumla 1,500. Dawa ya kuhifadhi, 1,000. Dumuzi nao walichukua chao, kama kilo 5 kwa kila gunia. Zikabaki kilo 95, ambazo kwa bei ya 680 ni 64,600. Toa zile 2,500, mkononi unabaki na 62,100. Aliyeuza siku ya kwanza alipata 64,000 bila kusubiri. Mama mmoja mwenye magunia 40 alipoteza 76,000 kwa kunisikiliza mimi, na katikati hapo alikuwa amekopa VICOBA ili mtoto asirudishwe shule. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Bwana shamba, ule mlima wako ulikuwa mrefu kuliko bei."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu namba hizi: nani alizianzisha, kwa nini zinaandikwa hivi na si vile, na kompyuta inazichagua kwa akili gani. Nimekuta kwamba tangu mwanzo kabisa habari hii ilihusu biashara na nafaka.

Mskoti aliyechora ngano

Anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuchora mambo ya biashara kwa mistari ni William Playfair, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1759, mtoto wa mchungaji. Baba yake alipofariki, kaka yake mkubwa John, mtaalamu wa hisabati, ndiye aliyemlea. John alimfundisha jambo dogo: kusoma kipimajoto kila siku na kuandika kipimo hicho kama mstari badala ya namba, siku baada ya siku, mpaka mtu aone kwa jicho joto lilivyopanda na kushuka. Kama unacho kipima mvua nyumbani na daftari la kuandika milimita, kazi yako na ya kijana yule ni moja.

William alijifunza ufundi kwa Andrew Meikle, yule fundi aliyesifika kwa mashine ya kupura nafaka, kisha akawa mchoraji wa ramani za mitambo kwa James Watt kule Birmingham. Mwaka 1786 alitoa London kitabu cha grafu zaidi ya 40, nyingi zikionyesha bidhaa ambazo Uingereza ilinunua na kuuza kwa nchi moja moja. Katika grafu ya biashara na Denmark na Norway, miaka ya 1700 hadi 1780 imepangwa chini. Upande wa kulia ziko namba 10, 20, 30 na kuendelea juu. Pauni kumi? Hapana. Chini ya mchoro aliandika maelezo kwamba mstari wa chini umegawanywa kwa miaka, na ule wa kulia kwa pauni elfu kumi kumi. Yaani aliona sifuri zingemjaza karatasi, akazipunguza, lakini akakuambia amezipunguza. Ukikutana leo na grafu yenye namba fupi na pembeni maneno "kwa maelfu" au "kwa mamilioni", jua desturi hiyo ina zaidi ya miaka 200. Kilichopotea mara nyingi ni yale maelezo ya chini.

Watu wa wakati wake walimshangaa. Wakauliza, pesa inawezaje kuwa na urefu? Alijibu kwa mfano ambao ungeeleweka hata mnadani kwetu. Fikiria mfanyabiashara ambaye kila jioni anazipanga sarafu zote alizopata siku hiyo, moja juu ya nyingine, mnara mmoja kwa kila siku, na minara yote imesimama mezani kwa safu. Ukitazama safu ile unaona siku gani ilikuwa ya faida na ipi ilikuwa kavu. Grafu, alisema, ni minara hiyo tu, imewekwa kwenye karatasi.

Kaa kidogo na mfano huo, maana ndani yake lipo jibu la kosa langu. Minara ya sarafu inaanzia mezani. Meza ni sifuri. Mtu akitoboa meza na kuzamisha minara yote mpaka zibaki sarafu mbili tatu za juu, mnara wa sarafu 642 utaonekana mara nyingi zaidi ya mnara wa 628, ingawa tofauti yao ni ndogo sana. Kompyuta yangu ilitoboa meza. Na mimi nikabandika.

Kazi ya Playfair inayotuhusu zaidi sisi wa mazao aliifanya uzeeni, mwaka 1821. Wakati ule Uingereza ilikuwa na ugomvi mkubwa juu ya ngano. Vita na Napoleon vilikuwa vimepandisha bei, vita vikaisha, bei ikaanguka, na wenye mashamba wakalia. Sheria ya mwaka 1815 ilikuwa imekwishazuia ngano ya nje kuingia sokoni mpaka ya ndani ifike shilingi 80 kwa kwata, kipimo chao cha nafaka ambacho kwa ngano kinazidi kidogo magunia mawili ya kilo mia. Playfair akachora bei ya ngano kuanzia mwaka 1565 kama nguzo zilizosimama, na chini yake mstari wa mshahara wa wiki wa fundi mzuri. Vyote viwili kwa shilingi, vyote kwenye namba zilezile za pembeni.

Ukiangalia haraka, unaona nguzo za ngano zimepanda sana kufikia mwaka 1810, karibu shilingi 99, wakati mshahara uko chini kule kwenye 30. Jicho linasema: maskini fundi, chakula kimemshinda. Playfair mwenyewe alitaka kusema kinyume chake. Gawanya utaona. Mwaka 1565 ngano ilikuwa kama shilingi 41 na mshahara 5, hivyo fundi alihitaji zaidi ya wiki 8 za kazi kununua kwata moja. Mwaka 1810 alihitaji wiki 3 na siku chache. Ngano ilikuwa imekuwa nafuu kwake, si ghali. Lakini grafu haikuonyesha hivyo, kwa sababu namba za pembeni zilipima shilingi, na swali lilikuwa la wiki za kazi.

Mimi naliona hili kila msimu. Grafu inaonyesha bei ya mahindi imepanda, watu wanafurahi. Ukiniuliza mimi, pembeni zisiandikwe shilingi. Ziandikwe debe: debe ngapi za mahindi zinanunua mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia mwaka huu, na mwaka jana zilikuwa ngapi. Hapo ndipo utajua umepanda au umeshuka. Playfair alikuwa na takwimu zote mkononi na bado akachora kitu kisichojibu swali lake, kwa hiyo tusijione wajinga tukikosea. Alifariki mwaka 1823, fukara, baada ya maisha marefu ya mipango mikubwa na madeni.

Nukta, mkato na mpaka wa nchi

Sasa tuangalie namba zenyewe. Tarakimu tunazotumia zilizaliwa India, zikaenezwa na Waarabu, na Ulaya zikasukumwa sana na kitabu cha mwaka 1202 cha Leonardo wa Pisa, tunayemjua kama Fibonacci, mtoto wa mtu wa biashara ambaye tarakimu hizo alijifunza Afrika Kaskazini, katika mji wa Bugia, Algeria ya leo. Neno letu sifuri ni la Kiarabu. Neno letu laki ni la Kihindi, na hata leo Wahindi wakiandika laki moja wanaweka mkato mahali tofauti na sisi: 1,00,000. Ni kiasi kilekile. Ukiuza dengu au choroko kwa mnunuzi wa huko na akakutumia karatasi ya bei, usidhani amekosea sifuri.

Sehemu ndogo za namba, zile za baada ya nukta, zilipata mtetezi mwaka 1585. Simon Stevin, mtu wa Bruges, alichapisha Leiden kijitabu chembamba kwa Kidachi kuonyesha kwamba hesabu za mafungu zinaweza kufanywa kwa makumi tu. Alikielekeza kwa wapima ardhi, wapima mapipa ya mvinyo, wapima mazulia na wafanyabiashara. Napenda hilo. Alama zake zilikuwa ngumu, kila tarakimu ilifuatwa na kiduara, na haikuchukua muda John Napier wa Scotland akaonyesha kwamba nukta au mkato mmoja unatosha.

Nukta au mkato: hapo ndipo tatizo lilipoanzia, na halijaisha. Waingereza walishika nukta, na mkato wakautumia kutenganisha maelfu. Wafaransa na majirani zao walishika mkato kwa sehemu ndogo. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo mwaka 1948 ulipendekeza maelfu yatenganishwe kwa nafasi tupu ili kuepuka mchanganyiko, na mwaka 2003 mkutano huohuo ukakubali kwamba alama ya sehemu ndogo inaweza kuwa nukta au mkato, yote sawa. Dunia nzima imekaa mezani na haikuafikiana juu ya kitone!

Kwa mtu wa Kigoma hili si la vitabuni. Sisi tuliorithi desturi ya Kiingereza tunaandika 2,500 tukimaanisha elfu mbili na mia tano. Ng'ambo ya mpaka, Burundi na Congo, desturi iliyorithiwa ni ya Kifaransa na Kibelgiji, na 2,500 kwa desturi hiyo inaweza kusomwa mbili na nusu, huku 2.500 ikiwa ndiyo elfu mbili na mia tano. Mtu mwenyewe hawezi kukosea kwa sababu anajua bei ya dagaa. Kompyuta haijui bei ya dagaa. Ukiipa namba zilizoandikwa kwa desturi moja wakati imewekwa kwenye desturi nyingine, itachora mstari unaogaagaa sakafuni na kuruka ghafla. Ukiona grafu ya bei yenye mruko wa mara elfu moja, usitafute habari za njaa. Tafuta mkato.

Hapohapo niseme la tarehe na saa, kwa ufupi. Programu nyingi zimetoka Marekani, na huko mwezi hutangulia siku, kwa hiyo 03/04 inaweza kuwa Machi 4 wala si tarehe 3 Aprili. Kwenye mvua za kupandia, mwezi mmoja ni msimu. Na grafu za utabiri kwenye simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: 18:00 ni saa kumi na mbili jioni yetu. Kuna kijana aliniambia amenyunyiza dawa kwa sababu simu ilisema mvua ni ya "saa kumi na tatu", na yeye akajua saa hiyo haipo. Ipo, ni saa saba mchana, na ilimkuta shambani.

Ile herufi E

Wengi mmenitumia picha za grafu mkiuliza "1e+05" ni ugonjwa gani. Si ugonjwa. Ni urithi wa mwaka 1957, pale kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa lugha ya kuandikia programu iitwayo Fortran, iliyotengenezwa na timu ya John Backus. Wanasayansi waliokusudiwa kuitumia walikuwa na mazoea ya kuandika namba kubwa kwa kifupi, kumi na juu yake kinamba kidogo kuonyesha sifuri ni ngapi. Mashine za kuchapa za wakati ule zilikuwa na herufi kubwa tu na hazikuweza kupandisha kinamba juu ya mstari. Basi wakaweka herufi E katikati. 1E5 maana yake: chukua 1, sogeza nukta hatua 5 kwenda kulia. Ni laki moja. 2.5e6 ni milioni mbili na nusu.

Mashine za siku hizi zinaweza kuchapa chochote, lakini mazoea yamebaki. Programu ya takwimu iitwayo R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, New Zealand, miaka ya mwanzo ya 1990, huamua kwa ubahili: inahesabu herufi. "100000" ni herufi sita, "1e+05" ni tano, basi inachukua fupi. Haikufikirii wewe unayesoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji.

Kuna nyingine inayotumiwa sana na vijana wa vyuo, inaitwa matplotlib, iliyotolewa mwaka 2003 na John Hunter, mtafiti wa ubongo. Hii ina tabia ya hatari zaidi kwetu. Inaandika pembeni 0, 2, 4, 6, kisha inaweka "1e6" ndogo peke yake juu kabisa ya kona. Ni desturi ya Playfair ileile ya kupunguza sifuri, ila maelezo yamesogezwa mahali pa kwanza kukatwa. Mtu akipiga picha na simu, akakata kingo ili itoshee kwenye kundi la WhatsApp, ile 1e6 inaondoka. Nimeona grafu ya mavuno ya mkoa ikizunguka kwenye makundi ikisema mkoa umevuna tani 4. Watu wakacheka, wakaituma mbele.

Kama una kijana anayeandika programu, mwambie dawa ni mstari mmoja. Kwenye R aandike options(scipen = 999). Kwenye matplotlib aandike ticklabel_format(style='plain', useOffset=False, axis='y'). Kisha aweke mkato wa maelfu, na aandike kipimo pembeni kwa maneno: shilingi kwa kilo, milimita kwa mwezi, magunia kwa ekari. Ila mkato asiuweke kwenye miaka. Nimeona mwaka "2,019" kwa macho yangu.

Noti mfukoni mwako

Jambo moja limenifurahisha katika kusoma huku. Umewahi kujiuliza kwa nini namba za pembeni zinaruka kwa 10, 20, 50, 100, 200, 500, na si kwa 37 au 70? Watu wa kompyuta walilazimika kuifundisha mashine tabia hii. Mwaka 1973 lilichapishwa jarida la kitaalamu lenye kanuni za kuchagua hatua za namba kwa michoro ya kompyuta, na mwaka 1990 Paul Heckbert akaandika kanuni fupi ambayo wengi wameifuata: hatua nzuri ni 1, 2 au 5, au hizo zikizidishwa kwa kumi mara unavyotaka. Ndizo zinazokuwa rahisi kichwani.

Sasa toa pochi. Noti ya 1,000, 2,000, 5,000, 10,000. Ni kanuni ileile. Benki kuu na mtengeneza grafu wametatua tatizo moja: jinsi ya kufika kwenye kiasi chochote kwa hatua chache ambazo mtu hachoki kuzijumlisha. Kwa hiyo ukipewa grafu yenye namba 0, 37, 74, 111, kataa kama ungekataa noti ya shilingi 370.

Kukata miguu ya grafu

Mtu aliyelipa jina baya jambo lililonikuta ni Darrell Huff, mwandishi wa magazeti wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu namna ya kudanganya kwa takwimu. Alionyesha hatua kwa hatua: chukua mstari unaopanda polepole, kata sehemu ya chini ya grafu, sasa unapanda kwa kasi, nyoosha namba za pembeni, sasa ni mlima. Hakuna namba hata moja iliyoghushiwa. Kitabu kilisomwa sana. Miaka kumi na moja baadaye Huff huyohuyo alikwenda mbele ya Bunge la Marekani, upande wa makampuni ya sigara, kutilia shaka takwimu za madhara ya tumbaku. Nawaachia wasomaji wangu wa Tabora na Urambo wajadili hilo wenyewe.

Lakini msinielewe kwamba kila grafu lazima ianze na sifuri. Nguzo, ndiyo, bila kusamehe, kwa sababu ya ile minara ya sarafu: jicho linapima urefu mzima. Mstari ni jambo jingine. Chukua mashine ya kutotolesha vifaranga. Inatakiwa ikae karibu na nyuzi 37.5. Ukichora joto lake kuanzia 0, kushuka kwa nyuzi mbili hakutaonekana, na vifaranga watafia ndani ya mayai huku grafu ikisema kila kitu ni shwari. Hapo anza na 35, na uandike wazi kwamba umeanza na 35. Swali la kujiuliza ni hili: tofauti ndogo kiasi gani inatosha kunibadilishia uamuzi? Kwa mayai, nyuzi mbili. Kwa mahindi ya kuhifadhi miezi mitatu kwenye ghala lile, nilipaswa kujua kwamba pungufu ya shilingi 60 kwa kilo hainusuru kitu, maana gharama na dumuzi peke yake vilikula karibu 60. Grafu ya shilingi 12 isingemfanya mtu yeyote afunge mlango.

Kwa wanaotumia kompyuta au simu kutengeneza majedwali: gusa zile namba za pembeni mara mbili, litafunguka dirisha la mipangilio ya mhimili, tafuta kiwango cha chini, ufute kilichopo, uandike 0. Ukikuta mashine imeandika tarehe zako kama 45000 na kitu, usifute. Inahesabu siku tangu mwaka 1900, na 45000 ni tarehe 15 Machi 2023. Badilisha tu aina ya namba iwe tarehe. Na kwa anayeletewa grafu iliyokwisha kuchapwa, anza kusoma pembeni chini kabisa: namba ya kwanza ni ngapi? Kisha ya mwisho ni ngapi? Toa moja kwenye nyingine, zidisha kwa kilo za gunia lako, ndipo uinue macho kutazama mstari.

Ile grafu yangu ya mlima sikuitupa. Bado iko kwenye mlango wa ghala lile, imechakaa kingo. Pembeni yake nimebandika nyingine ya bei zilezile, wiki zilezile sita, namba zikianza 0. Mstari umelala pale juu umenyooka kama uzi wa kupandia. Yule mama ndiye aliyenishikia karatasi nikigongelea pini.

Wiki ijayo dumuzi, kama nilivyoahidi. Njoo na picha za punje zilizotobolewa, na usikate kingo.